Kutu inayozunguka kioo cha mbele: acheni silikoni, kioo kitoke

Kikumi94 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Kawempe, Kampala. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe nimelihangaikia karibu miaka miwili na naona wenye magari ya umri huu wengi wanapita njia ileile niliyopita mimi.

Gari ni Toyota Corolla AE100 ya 1994, hii ambayo Uganda nzima tunaiita Kikumi. Ilikuwa ya marehemu baba. Injini iko vizuri, gia zinaingia bila shida, na sina mpango wa kuiuza. Tena tangu sheria ya 2018 gari lililozidi miaka 15 toka litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo Kikumi nyingine haiji. Tulizonazo ndizo hizi, na bodi ikioza hakuna pa kukimbilia.

Ilianza kama kipele. Kona ya juu kushoto, pale mkanda wa raba wa kioo unapogusana na paa, rangi ilivimba kiasi cha punje ya harage. Nilibonyeza kwa kucha, ikapasuka, ndani mkawa na vumbi la rangi ya tofali. Nikafanya ambacho wengi hufanya: msasa kidogo, rangi ya kopo ya kupuliza, nikaona nimemaliza. Mvua za Machi hadi Mei zilipopita vipele vilikuwa vinne, na kimoja kilikuwa kimeshazama chini ya raba, huko jicho lisikofika.

Septemba maji yakaanza kuingia ndani. Asubuhi moja nampeleka binti yangu shule, mvua imeshika tangu alfajiri, foleni haisogei pale Bwaise, na tone mojamoja linamdondokea gotini. Hakusema kitu. Alifungua begi, akatoa kavera, ule mfuko wa plastiki, aliyofungiwa chapati, akaitandaza juu ya sketi ya shule, akaendelea kutazama nje. Iliniuma sana. Jumamosi yake nikaenda kwa fundi.

Fundi alipitisha silikoni kuzunguka kioo chote kwa nje, dakika ishirini kamaliza. Gari likanuka siki siku mbili. Maji yakakoma kweli, na mimi nikamsifia kwa majirani. Baada ya miezi minne hivi ufa ukatokea. Ulianzia ukingoni, chini ya raba, palepale penye kutu, na hakuna jiwe lililogonga. Ndipo nikaamua kioo kitoke, liwalo na liwe.

Sasa sikieni nilichokiona kilipotoka. Kwenye bati, chini ya gundi ya zamani, palikuwa na mstari mwembamba ulionyooka kama umepigwa kwa rula, kutoka kona ya kushoto hadi usawa wa kioo cha kuangalia nyuma. Ni mkwaruzo wa kisu. Baba aliwahi kubadilisha kioo baada ya kokoto ya lori kumpiga barabara ya Masaka. Aliyekata gundi ya zamani alizamisha kisu hadi kwenye bati, akakwangua rangi, na hakurudishia hata tone la praima, ile rangi ya chini inayoshika na kulinda chuma. Gundi mpya akaipaka juu ya chuma kitupu. Kutu ikaufuata mstari ule miaka yote kimyakimya, kama mchwa ndani ya ubao. Nje ya mstari, sentimita moja tu pembeni, rangi ya kiwandani ilikuwa nzima, inang'aa kana kwamba gari limetoka jana. Nilisimama pale muda mrefu. Japani walitengeneza vizuri. Ni kisu cha siku moja kilicholeta yote haya.

Na pale silikoni ilipogusa chuma kilichokwisha kuanza kuliwa, hali ilikuwa mbaya zaidi. Ile harufu ya siki si ya bure. Silikoni ya madirisha ya nyumba inapokauka hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo inakula chuma. Halafu inayafungia ndani maji yaliyokwisha ingia. Na kuna baya la tatu ambalo wengi hawaambiwi: silikoni ikishashika bati au kioo, gundi halisi ya vioo haikubali kushika juu yake. Atakayefuata lazima aikwangue yote, na ikibaki hata utando usioonekana kazi imeharibika.

Kuhusu ufa: chuma kikigeuka kutu kinatanuka, kinachukua nafasi mara kadhaa ya ile kiliyokuwa nayo. Katikati ya bati na kioo nafasi ni ndogo, kwa hiyo kutu inasukuma kioo kidogokidogo hadi siku gari likipita shimo, kinapasuka. Ukiona ufa umeanzia ukingoni na huna kumbukumbu ya jiwe, inua raba uangalie kabla hujanunua kioo kipya. Kioo kipya juu ya kutu ileile kitapasuka palepale.

Kesho nitaandika jinsi tulivyotengeneza. Mwenye swali aulize.

Dada_wa_Ntinda

Asante kaka kwa uzi huu. Mimi nina Toyota Carina ya zamani. Haivuji, sijaona tone, ila asubuhi vioo vina ukungu kwa ndani na kapeti la upande wa dereva linanuka. Kwenye fremu ya kioo kuna vidoa viwili tu. Je, ni kioo au nahangaika bure?

Kikumi94

Dada, huhangaiki bure. Ukungu wa kila asubuhi na kapeti linalonuka ni maji, hata kama hujaona tone. Yanaweza kuteremka nyuma ya dashibodi yakaishia chini ya kapeti. Weka mkono chini ya kapeti lenyewe, juu yake panaweza kuwa pakavu. Ukikuta sifongo limelowa, angalia haraka boksi la fyuzi, maana kwenye Toyota nyingi za umri huu liko upande huohuo chini ya dashibodi, na fyuzi zikiota ukoko wa kijani utaanza kutafuta ugonjwa wa umeme ambao si wa umeme.

Lakini kabla ya kulaumu kioo, fungua boneti uangalie ile mifereji chini ya waipa. Unaegesha chini ya mti? Mimi naegesha chini ya mfenesi. Nilitoa majani yaliyooza yanayojaa ndoo ndogo, yamegeuka udongo kabisa, na tundu la kutolea maji lilikuwa limeziba. Maji yakisimama pale yanapanda hadi yapate njia ya kuingia ndani, na bati linalala kwenye unyevu usiku kucha.

Ukishasafisha, jaribu hivi. Mtu mmoja akae ndani na tochi na karatasi laini. Mwingine nje na mpira wa maji, maji yatoke polepole, si kwa kasi. Anza chini ya kioo, dakika kadhaa, kisha panda pembeni, kona za juu ziwe za mwisho. Ukianzia juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Wa ndani anapitisha karatasi kwenye ukingo. Inapolowa, weka alama. Maji husafiri, kwa hiyo tundu mara nyingi liko juu zaidi ya pale tone linapoangukia.

Gereji_Ndeeba

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini mimi niko kwenye kazi hii muda mrefu na nataka useme ukweli wote. Mteja anakuja na pesa ya silikoni, siyo pesa ya kutoa kioo. Ukimwambia siku tatu anaondoka anaenda kwa jirani. Tena kioo cha miaka thelathini ukikitoa kinaweza kuvunjika, na akivunjikiwa anataka nilipe mimi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kikumi94

Bwana fundi, umesema kweli na nashukuru umeingia. Kwa asiye na pesa leo, nakubali kuna kazi ya kati. Toa mkanda wa raba, kwangua kutu yote inayofikika kwa brashi ya waya, paka ile dawa ya asidi ya fosfori inayoigeuza kutu kuwa nyeusi, iache ikauke kama chupa inavyoelekeza, osha, kausha, kisha praima ya epoksi kwa brashi ndogo. Pa kuziba, ziba kwa gundi nyeusi ya vioo, ile ya poliurethani. Silikoni hapana. Na mteja aambiwe wazi kwamba amenunua muda tu, labda msimu mmoja wa mvua au miwili, maana kilicho chini ya kioo hakijaguswa. Akiambiwa hivyo ataanza kuweka akiba.

Kuhusu kuvunjika, kubalianeni kabla, tena kwa maandishi. Mimi nilijua changu kina ufa hivyo nilishanunua kingine soko la vipuri la Kiseka. Mwenye kioo kizima naye ajiandae. Ukingo uliokaa kwenye kutu umeshadhoofika, na wakati mwingine tabaka za kioo zimeanza kuachana, utaona utepe mweupe kama maziwa pembeni.

Ila kuna jambo siwezi kulilegeza. Kioo cha gundi ni sehemu ya nguvu ya gari. Gari likipinduka kinasaidia kubeba paa, na kwenye magari yenye eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) upande wa abiria, begi likifumuka hujiegemeza kwenye kioo. Gundi ikishika kutu badala ya chuma, siku hiyo itabanduka na kutu yake, kioo kitaruka nje. Mimi mbele anakaa mtoto wangu.

Pikapu_ya_Katwe

Wazee wangu, niko huku Kasese, nabeba chumvi kutoka Ziwa Katwe. Land Cruiser pikapu, kioo chake ni cha raba nene, si cha gundi. Huku kwetu kutu haingoji mvua. Chumvi inavuta unyevu wa hewani yenyewe, ikiingia chini ya raba inakaa humo mbichi mwaka mzima. Nilipaka hiyo dawa nyeusi mara mbili ikarudi ndani ya mwezi. Mzee mmoja akaniambia, wewe unapaka dawa juu ya chumvi. Nikaosha fremu kwa maji matamu moto, mara tano sita, nasugua na brashi, nakausha, naosha tena. Baada ya hapo dawa ikashika. Wenye magari ya uvuvi mnaobeba samaki wa chumvi, hilo liwahusu.

Na kwa wenye kioo cha raba, kazi ni rahisi kuliko yenu, mtu na ndugu yake wanaweza. Kwa ndani unaikunja midomo ya raba huku mwenzio anasukuma kioo taratibu, kinatoka na raba yake. Kurudisha ndiyo kunahitaji akili. Chukua kamba ya nailoni nene kama waya wa chaja ya simu. Raba ikiwa kwenye kioo tayari, ingiza kamba kwenye mfereji ule utakaokaa kwenye bati, zungusha yote, ncha mbili zipishane chini katikati, ziachwe zining'inie upande wa ndani ya gari. Paka maji ya sabuni mfereji wote. Weka kioo mahali pake, mmoja abonyeze kwa viganja kutoka nje, wewe ndani vuta ncha moja kuelekea katikati ya kioo, polepole. Kamba inapotoka inauinua mdomo wa raba unaruka juu ya bati, unasikia tap, tap, tap. Mwenzio abonyeze palepale kamba ilipofika, asitangulie. Raba iliyokauka na kupasuka usiirudishe, nunua mpya, hata kama kioo ni kilekile.

Kikumi94

Mzee wa Katwe, Mungu akubariki. La kuosha chumvi kabla ya dawa sikulijua, na nimeona ndilo linaloeleza kwa nini magari mengine kutu inarudi. Kule kaskazini mwa Japani, Hokkaido kwa mfano, barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi kuyeyusha barafu, na gari lililoishi huko linashuka Mombasa na kutu limeshakuja nayo.

Sasa kazi yenyewe, kama nilivyoahidi. Nilimtafuta fundi wa bodi kwanza, fundi wa vioo akawa wa pili, na nikahakikisha wawili hawa wamezungumza. Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia: wa vioo anasema kutu si yangu, wa bodi anasema gundi si yangu, na gari linarudi nyumbani na kutu.

Kioo kilikatwa kwa waya, watu wawili wakiuvuta huku na huku, mmoja ndani mmoja nje. Waya haukwangui bati kama kisu ukishikwa vizuri. Dashibodi na viti vikafunikwa blanketi lililoloweshwa, kwa sababu cheche za grenda zinatoboa kitambaa na zikigusa kioo cha mlango zinaacha vidoa visivyotoka. Nyaya za betri zikatolewa.

Tulipokwangua, sehemu kubwa ilikuwa kutu ya juu tu. Brashi ya waya, msasa namba 80, kisha 180, mpaka bati likawa jeupe. Vile vishimo vidogo vyeusi ambavyo msasa haufiki vikapata dawa ya asidi, kisha vikaoshwa. Kona ya kushoto, hata hivyo, bisibisi ilipita upande wa pili. Tundu la kidole gumba. Fundi akauliza kama tuweke puti, ule udongo wa kuzibia bodi, yaishe. Nilimkatalia. Puti ya kawaida inanyonya maji, na juu ya tundu ni sawa na kuweka mkate uliolowa. Alikata hadi akafika kwenye bati zima, akakunja kipande kipya cha milimita 0.8 kikafuata mkunjo wa zamani, akachomelea kwa nukta fupifupi, anaruka huku na kule ili bati lisijikunje kwa joto. Alipomaliza aliweka rula juu ya fremu. Nilipenda hilo. Sehemu iliyoinuka hata kidogo itakipasua kioo kipya.

Baadaye praima ya epoksi, matabaka mawili, tukaiacha hadi kesho yake. Upande wa nyuma wa kile kipande, ndani ya paa, moto ulikuwa umeunguza rangi ya zamani, kwa hiyo tulipuliza nta ya kuzuia kutu kwa mrija mwembamba. Pasipofanyiwa hivyo kutu inaanza upya kutokea ndani na hutaiona hadi itoboe.

Siku ya tatu akaja fundi wa vioo. Gundi ya zamani iliyokuwa nzima, iliyoshika rangi ya kiwandani, hakuitoa yote. Aliikata ikabaki unene wa milimita moja au mbili, kwa sababu gundi mpya inaishika ile ya zamani vizuri. Ukingo wa kioo aliufuta, akapaka praima nyeusi ya kioo, na alinikemea nilipotaka kukishika kwa vidole, maana mafuta ya mkono yanatosha kuharibu. Ncha ya tubu aliikata umbo la V, mstari wa gundi ukatoka wa pembe tatu, kimo cha milimita 12 hivi, mfululizo bila kukatika kuzunguka fremu yote. Nunueni tubu mbili za mililita 310. Moja ikiisha katikati ya kona mtajuta. Na someni tarehe ya mwisho kwenye tubu kabla hamjalipa, bonyezeni pia: iliyoanza kuwa ngumu ndani imeingia hewa. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewani, na unyevu hapa Kampala tunao.

Gari lililala pale. Madirisha yaliachwa wazi vidole viwili, kwa sababu ukibamiza mlango gari likiwa limefungwa, hewa inakisukuma kioo kutoka ndani kabla gundi haijashika. Kuosha kwa presha nilisubiri siku kadhaa.

Dada_wa_Ntinda

Nimerudi. Kapeti lilikuwa limelowa kweli, na mfereji umejaa majani. Nimesafisha, nimefanya mtihani wa maji, kioo kinavuja kona moja tu ya juu kulia. Nimeweka akiba ya kukitoa mwisho wa mwezi. Fundi niliyemwona anasema epoksi haina haja, rangi ya kawaida inatosha. Nimwambieje?

Kikumi94

Dada, mwambie gundi itashika kile kilichokaa juu ya bati, kwa hiyo kilichokaa juu ya bati lazima kishike bati. Rangi ya kopo inatoka kwa kucha. Akikataa, tafuta mwingine, na usimpe kioo kabla hujaona fremu ikiwa imekwanguliwa na kupakwa praima kwa macho yako. Mwombe akupigie picha kama huwezi kukaa pale.

Kwangu mvua za msimu huu zimeshapiga wiki tano. Jana jioni nilitoa mkanda kona ya juu kushoto nione. Epoksi ni ya kijivu ileile, kavu, hakuna kipele. Kapeti halinuki tena. Ila nilipozungukia chini upande wa kulia, kwenye kibanio kimoja cha mkanda, nimekuta doa la kahawia kiasi cha kichwa cha kiberiti, mahali ambapo kibanio kinasuguana na rangi. Epoksi imebaki kidogo kwenye kopo, na Jumamosi asubuhi nitakitoa kibanio hicho nipakwangue.